Wageni Tuliowakatalia Mkutano

Bado wapo watu hapa Songambele wanaosema kwamba mimi ndiye niliyelinyima kanisa letu bati. Zamani walisema nikiwa sipo, siku hizi wanasema hata nikiwa nimekaa nao. Siwabishii. Ni kweli kulikuwa na wageni waliotaka kutuezekea kanisa, na ni kweli mdomo wangu ndio uliowageuza njiani. Ila wao wakisimulia huishia hapo, na mimi sikubali mambo yaishie hapo.

Nilizaliwa Nyaishozi, ndani ya migomba, kwa watu wa kahawa na maharage. Nikaolewa huku Kyerwa kwa wafugaji, nikafundisha shule ya msingi, na kwa kuwa nilikuwa na Kinyambo cha nyumbani na Kiswahili cha darasani, usharika ukanifanya mkalimani. Mgeni yeyote aliyesimama madhabahuni kwetu, maneno yake yalipita kwangu kabla hayajawafikia wazee. Niliifanya kazi hiyo miaka mingi na niliipenda.

Wageni ninaowasema walitoka Dar es Salaam. Watu wakisikia habari za misheni ya wiki moja hudhani wanaokuja ni Wazungu tu. Siku hizi makanisa ya mjini nayo hukodi basi, hushona fulana za rangi moja na kuja kutafuta watu wa kuwahubiria huku pembezoni. Hawa walikuwa vijana wazuri, wenye kazi zao benki, hospitalini na maofisini. Waliniamkia shikamoo kwa adabu, wakanipokea hata mkoba. Walikuja na jenereta, na spika ndefu kuliko mimi, na bango lililosema kwamba nuru imefika Kyerwa.

Bango walilitundika kwenye ukuta wa kanisa letu. Matofali ya ukuta ule yalifyatuliwa na wazee ambao sasa tumeshawazika. Mama mkwe wangu alibatizwa humo akiwa msichana, akafundisha humo katekisimu hadi magoti yalipomkatalia. Alilisoma lile bango pole pole, herufi kwa herufi, kama anavyosoma kila kitu cha Kiswahili, kisha akaniuliza, "Hii nuru, ni ya umeme?"

Nilimwambia sijui.

Mkutano ulifanyika jioni uwanjani, kwenye nyasi, ng'ombe wakiwa bado wanarudi zizini nyuma yetu. Watu walijaa, kwa sababu kwetu mgeni akiita unakwenda, na kwa sababu muziki ulikuwa mkubwa. Mhubiri alikuwa kijana mwenye sauti nzuri. Alianza kwa salamu, nikatafsiri. Akaeleza safari yao na pancha walizopata, nikatafsiri, watu wakacheka. Kisha akanyosha mkono juu ya umati, akasema, "Ninyi mliokaa gizani na ng'ombe wenu, mkiabudu msichokijua, leo mwisho wa giza hilo umefika."

Nilinyamaza.

Alidhani sikusikia, akarudia. Nikashusha kipaza sauti.

"Tafsiri, mwalimu," aliniambia kwa sauti ya chini.

"Hilo sitafsiri."

"Kwa nini?"

"Yule bibi aliyekaa kwenye mkeka pale mbele ndiye aliyewafundisha katekisimu nusu ya watu unaowaona hapa. Mimi siwezi kumwambia kwa lugha yake kwamba ameabudu asichokijua. Kama ni lazima aambiwe, mwambie wewe kwa Kiswahili. Anakisikia."

Alinitazama kama mtu aliyekanyagwa mguu na mtoto. Ndipo mwenyekiti wetu wa wazee wa kanisa akanyanyuka. Huyu ni mfanyabiashara, ana duka la vifaa vya ujenzi, watu wake ni wa Muleba. Alikichukua kipaza sauti mkononi mwangu taratibu, akaendelea kutafsiri mwenyewe. Sikumtazama tena mhubiri. Nilikwenda kukaa kwenye mkeka na mama mkwe.

Mwishoni waliomba wote wanaotaka kumpokea Bwana wanyoshe mikono. Mikono ikapanda uwanja mzima. Mama mkwe naye akanyosha wake, uliokonda, wenye bangili ya shaba. Kijana mmoja wa fulana akaja mbio na simu yake, akampiga picha kutoka karibu kiasi kwamba ilimbidi afumbe macho.

Nyumbani nilimkuta anatikisa kibuyu cha maziwa apate siagi.

"Mama, kwa nini umenyosha mkono?"

"Mgeni ameomba mikono. Ulitaka nimwaibishe mbele ya watu?"

"Lakini wao wameandika kwamba umeokoka leo."

Aliendelea kutikisa kibuyu. "Basi na leo pia," akasema.

Yeye aliyamaliza hapo. Mimi nilishindwa. Baada ya wiki chache picha ile ilinifikia kwenye simu, imezunguka kwenye makundi ya maombi hadi ikamfikia dada yangu Nyaishozi, naye akanirushia. Chini yake walikuwa wameandika habari za bibi mfugaji ambaye hakuwahi kulisikia jina la Yesu mpaka siku ile. Nilisoma mara mbili. Sikumwonyesha. Nilikwenda shambani nikalima mpaka mikono ikafa ganzi.

Baada ya hapo sikuitwa tena kutafsiri. Hakuna aliyeniambia nimefukuzwa. Ila Jumapili akija mgeni, nilimwona mtu mwingine amesimama mahali pangu.

Mwaka uliofuata wageni wakapiga simu kwamba wanataka kurudi, na safari hii watakuja na bati la kanisa zima. Walitaka mkutano mkubwa kuliko ule wa kwanza, na wazee wahakikishe watu wanakuja kutoka vijiji vyote. Mwenyekiti aliitisha kikao. Mimi sikuwa mzee wa kanisa, lakini nilikwenda, nikaketi karibu na mlango, nikaomba ruhusa ya kusema. Mchungaji akanipa.

Nikasema, "Wakija kama ndugu, nitawapikia mimi mwenyewe. Wakija kutuokoa mara ya pili, mimi nakataa, na nitasimama nje ya uwanja nimwambie kila anayepita kwa nini nimekataa."

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "wewe kwako kuna bati. Kanisa linavuja. Mvua ikinyesha tunahamisha watoto wa ubatizo kutoka kona hii kwenda ile."

Alikuwa anasema kweli. Lile kanisa linavuja, na yeye amewahi kutoa misumari ya dukani kwake bure, mara nyingi, kuliziba. Si mtu mbaya.

"Linavuja," nilimjibu. "Lakini tukililipia bati kwa kuitwa wapagani, watoto wetu watakaa pakavu wakisikia kwamba bibi zao walikuwa wapagani. Mimi naona heri walowe."

Mmoja wa wazee alicheka kidogo, kisha akaacha alipoona hakuna mwingine anayecheka. Mchungaji wetu ni mtu wa maneno machache. Alikaa akikuna kidevu, mwisho akasema, "Basi uwapigie wewe. Uwaambie hivyo hivyo ulivyotuambia."

Nafikiri alitumaini nitaogopa. Niliwapigia mbele yake. Mhubiri alinisikiliza mpaka mwisho, akasema atatuombea, akakata simu. Bati lilikwenda kwenye kanisa la upande wa Nyakatuntu. Nimepita huko nikaliona, jekundu, zuri, linaonekana kutoka mlima wa pili. Nawafurahia wenye kanisa lile bila kinyongo. Ila hapa kwetu kwa miezi mingi nikipita sokoni niliona watu wakigusana viwiko.

Siku moja ikaingia simu ya namba nisiyoijua. Sauti ya binti.

"Shikamoo mwalimu. Mimi nilikuwa na wale wageni wa Dar. Nilikuwa nashika waya za spika."

"Marahaba."

"Nilikusikia ulipokataa kutafsiri. Nilikuwa karibu. Tangu siku ile sijatulia. Nataka kuja tena, na wenzangu wachache. Naomba uniambie tufanye nini."

"Msifanye kitu. Njooni mkae."

"Mwalimu, watu wanaotuchangia safari watauliza tulifanya nini."

"Waambie mlikwenda kuwatembelea ndugu zenu. Ninyi mjini hamtembeleani?"

Hapo akacheka, na mimi nikaanza kumpenda. Tuliongea mpaka salio lake likaisha, akaongeza, tukaendelea. Nilimwambia fulana za rangi moja wazibakishe nyumbani, na spika pia. Kila mmoja alale kwenye nyumba ya mtu, ale kilichopikwa, aamke wanapoamka wenyewe. Asipige picha ya mtoto ambaye mama yake hamjui. Kama wana sabuni au daftari za kugawa, wampe mchungaji kimya kimya, asiwepo mtu wa kupiga makofi. Na kabla ya kupanda basi wajifunze kusalimia kwa Kinyambo.

"Hiyo ya mwisho ndiyo ngumu," alisema.

"Ndiyo maana nimeisema."

Walikuja wakati wa kuvuna maharage, wakaenea kwenye Noah moja. Mwenyekiti alipowaona wakishuka bila hata bango, alinitazama, akaenda zake dukani. Mchungaji alikuwa amewaomba wazungumze na wanandoa vijana mchana wa siku moja, na hilo nililikubali kwa sababu aliomba yeye, mwenye nyumba. Binti wa simu alifikia kwetu. Ni muuguzi, mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Mama mkwe alimwekea kikapu kidogo cha buni zilizokaushwa, zile za kutafuna ambazo kwetu mgeni hupewa kabla hajaulizwa habari. Binti akatia moja mdomoni kama dawa, akaitafuna, machozi yakamtoka, akaomba nyingine. Mama mkwe akaniambia kwa Kinyambo, "Huyu kalelewa."

Siku za kwanza walichuma maharage vibaya. Waliyang'oa na udongo, wakayapura kwa nguvu mpaka yakarukia nyumba ya jirani. Mwenzao mmoja hakuweza kunywa maziwa mabichi, na mwenye ng'ombe akakasirika hadi nilipomweleza kwamba tumbo la mtu halina dini. Watu waliwacheka waziwazi. Niliona ni dalili njema. Wale wa kwanza hakuna aliyethubutu kuwacheka.

Kisha jirani yetu akafiwa. Mwanawe, dereva wa bodaboda, aliteleza kwenye mteremko asubuhi yenye utelezi, akafa kabla hajafikishwa hospitali. Kilio kilitufikia tukiwa bado na vikombe vya chai. Kila mtu aliweka chini alichokuwa nacho. Kwetu msiba ukilia, jembe halilimi, na mazungumzo ya wanandoa yakafa hapo hapo.

Binti aliniuliza tukiwa njiani, "Mwalimu, tukifika tumwombee mama?"

"Tukifika tukae."

Ndani walikuwa wametandaza nyasi sakafuni na wanawake wamejaa. Mama wa marehemu alikuwa ameegemea ukuta, kanga imemshuka begani. Binti akaketi kando yake. Nilimtazama kwa muda mrefu, kwa sababu nilijua ameambiwa tangu utoto kwamba Mkristo hakosi neno. Alifungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena, akaufunga. Mwisho akaipandisha ile kanga begani kwa mama, akaiacha mikono yake hapo. Mama hakumtazama, lakini kichwa chake kililala kwa binti taratibu, kama cha mtu aliyesinzia.

Baadaye alitoka akachukua dumu, akafuata wasichana wa kijiji kisimani, akarudi maji yamemlowesha nusu ya gauni. Alirudi tena na tena. Alimenya ndizi hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu. Wenzake wa kiume walipewa majembe kuchimba kaburi kwenye migomba pamoja na vijana wa hapa. Mmoja ni mtu wa benki. Alipanda kutoka shimoni viganja vimechubuka, akamezeshwa uji na mwanamke asiyemjua, kwa nguvu, kama mtoto wa nyumbani.

Siku ya maziko watu walikuja kutoka mbali, maana dereva wa bodaboda hujulikana na wengi. Pikipiki zilipanga mstari hadi barabarani. Mchungaji akaongoza ibada. Kabla hajahubiri, mwenyekiti akasimama na kipaza sauti. Nilijua kitakachofuata. Umati kama ule haupatikani kila siku, na yeye alikuwa bado anaamini kwamba mgeni asiyehubiri ni mgeni aliyepotea bure.

"Tunao hapa watumishi wa Mungu kutoka Dar es Salaam," alisema. "Tunamwomba dada yetu atupe neno."

Nyuso zote zikageuka. Sikuwa nimemwandaa kwa hili, wala sikuweza kumfikia; alikuwa upande wa pili wa kaburi. Alisimama. Akasalimia kwa Kinyambo, akakosea, na wanawake waliokuwa karibu wakamrekebisha kwa pamoja kwa sauti ya chini, akarudia sawasawa.

"Sisi tumekuja kuzika pamoja nanyi," akasema. "Neno analo mchungaji wenu."

Akaketi.

Mzee mmoja mfugaji aliyekuwa nyuma, mwenye fimbo na koti refu, akaitikia kwa sauti kama watu wanavyoitikia sala. Wengine wakamfuata. Mchungaji akafungua Biblia yake. Nimemsikia akihubiri maziko mengi, na siku ile alihubiri vizuri kuliko siku zote, labda kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa mwenyeji anayemsubiri mgeni amalize.

Baada ya maziko mwenyekiti alinijia uso umekaza.

"Mwalimu, umewafundisha kiburi hata wageni."

Kabla sijajibu, binti alikuwa ameshafika. Akapiga goti kidogo, kama alivyoona wasichana wa hapa wakifanya.

"Shikamoo mzee. Naomba unisamehe kama nimekuaibisha. Mwalimu hakunituma. Nimekaa na yule mama tangu juzi, na sijapata neno la kumwambia. Ningesimamaje kuwaambia watu wote?"

Mwenyekiti alimtazama. Kisha akasema "Marahaba" tu, akaondoka.

Walipokuwa wanajiandaa kuondoka, mama aliyefiwa alikuja kwetu, bado amefunga kanga ya msiba. Alileta mkungu wa ndizi, amebebewa na binti yake. Hakuingia ndani. Alimshika muuguzi mkono, akamwambia maneno, kisha akanigeukia niyatafsiri. Ilikuwa mara ya kwanza kutafsiri tangu nilipoondolewa.

Nikasema, "Anasema ukija tena usilale hapa. Utalala kwake. Anasema kitanda cha mwanawe kipo, na hataki kikae bila mtu."

Muuguzi aliitikia kwa kichwa tu. Alilia hadi Noah ilipoingia barabara kubwa. Mwenzake wa benki aliniandikia hivyo baadaye.

Amerudi mara mbili tangu wakati huo, na hulala pale pale. Wanaokuja naye hubadilika. Wapo wanaoweza, na wapo wanaoniuliza siku ya pili ratiba iko wapi. Mmoja aliniambia anajiona amepoteza likizo yake. Nilimpa jembe. Sijui kama lilimsaidia. Kanisa letu bado linavuja. Tumeanza kulichangia wenyewe, polepole, kwa ndama, kwa maharage na kwa kahawa za ndugu zangu wa Nyaishozi, na mwenyekiti ndiye mtunza michango, kwa sababu hakuna ninayemwamini zaidi yake kwenye mambo ya bati. Hatujaongea habari za maziko yale hata siku moja.

Mwaka huu tumeamua kwenda sisi. Muuguzi alitualika kwake Dar es Salaam kwa wiki moja, wanawake wachache wa usharika, tulale kwenye nyumba za wenzake. Nililipeleka jambo hilo kwenye kikao, nikiwa safari hii nimekaa katikati ya benchi.

"Mtakwenda kufanya nini huko?" mwenyekiti aliuliza.

"Kuwatembelea. Yule binti anaishi peke yake kwenye nyumba iliyofungwa geti. Jirani yake hamjui jina. Hiyo nayo ni kazi ya kanisa."

"Na mama mkwe wako, na magoti yale, atapanda basi kutoka Kayanga hadi Dar?"

"Muulize mwenyewe."

Walimuuliza. Alikuwa ameshaamua siku nyingi. Alisema atasafiri, na atabeba samli kwenye chupa, na kama wenye basi watakataa samli basi watafute abiria mwingine. Mzee mmoja akamwonya kwamba watu wa mjini wana haraka, hawatapata muda wa kukaa naye.

"Nitakaa mimi," akajibu. "Wao watapita, watanikuta."

Mwenyekiti aliandika jina la mama mkwe juu kabisa ya orodha ya wasafiri, akauliza nani mwingine. Mikono ilipanda michache. Nikainua wangu.